Kutoka Sabaki hadi Mida: ndege, udongo na riziki ya jirani

 Leo naweka kando habari za mbolea na viwavi jeshi. Nataka nikupeleke safari fupi ya pwani, nikueleze historia iliyomo njiani, kisha turudi shambani.

Safari yenyewe ilitokana na swali. Tulikuwa tumemaliza mafunzo chini ya mwembe, watu wanakung'uta kanzu na leso waondoke, mzee mmoja akaniuliza: "Afisa, nyinyi kila siku mwatuambia tutunze msitu, tutunze mikoko. Hao ndege wanaokuja kutazamwa na wageni, sisi wanatupa nini?" Nilimjibu harakaharaka kwamba utalii huleta fedha. Akatabasamu tu, akafunga baiskeli yake mzigo, akaenda. Nilijua jibu langu halikumtosha. Halikunitosha hata mimi.

Basi Januari nikachukua siku mbili za likizo, nikabeba daftari na darubini ya kuazima. Nikaanzia mdomo wa mto Sabaki, nikapitia Malindi, Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke, nikamalizia kwenye hori la Mida. Njia yote haifiki kilomita 40. Ukiwa na nauli ya matatu na miguu mizima, unaimaliza.

Sabaki: udongo uliotoka mbali

Nilifika mdomo wa Sabaki alfajiri, kaskazi ikivuma taratibu. Pale mto unapokutana na bahari pana matope mapana, na juu ya matope walijaa kitwitwi wadogo wakidonoa mbio mbio kama kuku waliomwagiwa mchele. Ukiwatazama huwezi kudhani kwamba wengi wao walizaliwa Siberia, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Huanza kufika kwetu Agosti na Septemba, hula hapa miezi yote ya kaskazi, na Aprili au Mei huondoka kwenda kutaga kwao.

Wakiondoka wao, wanakuja wageni wa upande wa pili. Mvua za mwaka zikianza na kusi ikishika, mdomo huo huo wa Sabaki hupokea ndege mdogo wa kahawia aliyezaliana Madagaska. Huruka kwa wepesi kama mbayuwayu akikamata wadudu hewani, kisha Septemba hurudi kwao. Kwa hiyo matope haya hayakai bure. Mgeni mmoja akitoka, mwingine anaingia.

Lakini jiulize: matope yenyewe yametoka wapi?

Sabaki ni mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Juu huitwa Athi, katikati huitwa Galana, kwetu ni Sabaki. Unapita pembeni mwa Ukambani, unavuka Tsavo, na kila mvua inaponyesha huku juu, maji yanashuka mekundu. Wekundu ule ni shamba la mtu.

Historia ya wekundu huo imeandikwa mahali ambapo hungetarajia. Ndani ya bahari ya Malindi kuna matumbawe ya kale ambayo hukua kidogo kidogo kila mwaka, kama mti unavyoongeza pete. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya kupima tumbawe moja lenye umri wa miaka 300 hivi. Walitafuta chembe za madini ya bariamu, ambayo mto huyaleta pamoja na udongo. Kwa miaka mingi ya nyuma chembe zilikuwa chache. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20 zikaanza kupanda, na zikaendelea kupanda. Ndicho kipindi ambacho wakoloni walichukua ardhi nzuri ya nyanda za juu, wenyeji wakabanwa kwenye maeneo madogo, vilima vikalimwa na kulishwa mifugo bila kupumzika.

Mnamo miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechanika kwa makorongo. Serikali ya kikoloni haikujiuliza kwa nini watu wamebanana. Iliamua kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu wakatembea hadi Nairobi kudai mifugo yao, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Zoezi likasimamishwa, lakini Muindi mwenyewe akakamatwa na kuhamishiwa Lamu. Kiongozi akaletwa pwani, na udongo wa kwao ulikuwa umekwisha mtangulia.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukikumbuke. Makinga maji ya kulazimishwa watu waliyachukia. Ila baadaye, wakulima walipoona faida mfukoni mwao, walichimba wenyewe kupitia vikundi vyao vya mwethya. Wakachukua mtindo wa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, ambao leo duniani kote unaitwa kwa jina letu la Kiswahili: fanya juu. Picha zilizopigwa Machakos mwaka 1937 zilipolinganishwa na zile za mwaka 1991, mahali pale pale, watu walikuwa wameongezeka takriban mara tano, lakini vilima vilivyokuwa uchi vilikuwa na matuta, miti na mazao.

Sabaki bado ni mwekundu kila mvua, sitakudanganya. Udongo huo huo unaowapa kitwitwi matope ya kulia huwafunika matumbawe, na matumbawe yakifa mvuvi anakosa samaki. Kidogo kinafaa, kikizidi kinaua.

Malindi na Watamu: bahari ilipofungwa

Nilipofika Malindi nilikaa na wavuvi wawili wazee ufukweni. Mwaka 1968 serikali ilitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, za kwanza Kenya. Ndani ya hifadhi mtu haruhusiwi kuvua. Kwa mtazamaji wa ndege na samaki hilo ni jambo jema, lakini wazee wale hawakuanza kwa kusifu. Walianza kwa kunionyesha kwa kidole mahali ambapo baba zao walikuwa wakitega.

Hili lisemwe wazi. Hifadhi nyingi za pwani yetu zilianza kwa kumwambia jirani "usiguse", kabla ya kumwambia "utapata nini". Swali la mzee wa baiskeli lina umri mrefu kuliko yeye.

Arabuko-Sokoke: msitu uliotaka kuwa mashamba

Kutoka Malindi nilipanda matatu hadi Gede. Magofu ya Gede mnayajua: mji wa Waswahili ulioishi kwa biashara na kilimo hadi ukahamwa karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, akapata shanga na vyungu vya Kichina vilivyoletwa kwa pepo zile zile za kaskazi. Wafanyabiashara wenzangu, pwani hii imezoea wageni wa msimu tangu zamani.

Kuvuka barabara kidogo tu unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wake mwaka 1932, ukaandikishwa rasmi mwaka 1943. Wakati huo hakuna aliyewaza ndege. Walitaka mbao, na mbambakofi wengi walianguka.

Mwaka 1965 ndipo ulimwengu wa wataalamu ulipomjua bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi sentimita 17, rangi ya kijivu au ya kutu. Baadaye akaonekana pia chini ya milima ya Usambara, Tanzania, lakini makazi yake makuu ni hapa. Yumo pia sange mwenye kiuno cha dhahabu, mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, anayekimbia juu ya majani makavu. Muelekezi wangu, kijana aliyezaliwa ukingoni mwa msitu, alinionyesha bundi wawili wamelala wameshikana bega kwa bega. Nilipita chini yao mara mbili bila kuwaona.

Sasa sikiliza upande wa jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wengi waliozunguka msitu walitaka ukatwe, wote au sehemu, wagawiwe mashamba. Usiwalaumu. Ndovu walitoka usiku wakamaliza mahindi, nyani wakamaliza mihogo, na mtu akiingia kuokota kuni alikamatwa. Msitu ulikuwa gharama tupu.

Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo, ukaweka makao pale pale kwenye magofu ya Gede. Mpango wake mkulima yeyote anauelewa. Unakamata vipepeo wachache wazazi karibu na msitu, unawaweka ndani ya kitalu cha wavu, wanataga. Viwavi unawalisha majani ya mimea yao maalumu uliyoipanda nyumbani. Kiwavi akijifunga kuwa pupa, unaipeleka Gede, inapakiwa na kusafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho ambako watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo wakianguliwa. Ni biashara ya pupa isiyotaka pupa: kiwavi ukimharakisha au ukimnyima jani, umepoteza.

Angalia kilichobadilika. Mkulima wa vipepeo anahitaji msitu ubaki, kwa sababu mbegu yake inatoka mle. Hakuhubiriwa. Alihesabu. Waliofuatilia mradi waliona wakulima hao wakianza kuutetea msitu ambao majirani zao walitaka ukatwe.

Lakini nikupe na upande wa pili, maana mimi si mchuuzi wa ndoto. Pupa haikai ghalani kama mahindi. Ndani ya siku chache kipepeo anatoka. Mwaka 2020 safari za kimataifa za abiria zilipositishwa Kenya kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai, bidhaa kama hiyo haikuwa na pa kungoja. Anayetegemea mnunuzi wa mbali peke yake anategemea uzi mmoja.

Kwera, na kosa langu

Msituni humo nilimtafuta kwera wa Clarke, ndege mfumaji wa manjano na mweusi. Sikumwona, lakini habari zake zinanihusu. Wataalamu walimwandika mwaka 1913. Kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyejua anajenga wapi kiota chake. Walimwona Arabuko-Sokoke akizunguka na makundi, kisha anapotea. Mwaka 2013 ndipo viota vilipopatikana, kwenye bwawa la msimu lenye majani marefu huko Dakatcha, upande wa Magarini.

Miaka michache tu kabla ya hapo, Dakatcha hiyo hiyo ilikuwa imepangiwa shamba kubwa la mbono kaburi la hekta 50,000, la kutengeneza mafuta ya magari. Wenyeji wengi na watetezi wa mazingira walipinga, na shamba halikufikia ukubwa huo. Kwenye karatasi za mipango, ardhi ile iliitwa tupu.

Na mimi je? Miaka ile ya homa ya mbono kaburi nilikuwa kijana kazini. Nilisimama mbele ya wakulima nikawaambia mmea huu unastahimili ukame, unaota popote, panda. Wachache walinisikiliza, wakatoa kunde wakaweka mbono. Miaka ilipopita, mbegu zilikuwa kidogo na mnunuzi hakuonekana. Mama mmoja alinionyesha debe lake la mbegu, akaniuliza, "Hizi nikazile?" Zina sumu. Sikuwa na jibu. Tangu hapo, nikisikia ardhi fulani ni tupu au zao fulani halishindwi, huuliza kwanza: nani ameishi hapa, nani atanunua, na amelipa nani mwaka jana?

Mida: ndege na majahazi

Siku ya pili nilifika hori la Mida maji yakianza kujaa. Kuna daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Nilikaa nikanyamaza. Maji yalipopanda yaliwasukuma ndege karibu zaidi: sululu mwenye mdomo uliopinda, korongo, na kundi la ndege mla kaa, weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama kisu cha jikoni.

Huyu mla kaa ana historia inayofanana na yetu. Huzaliana fukwe za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na pembe ya Afrika. Huchimba pango mchangani, na kwa kawaida hutaga yai moja tu jeupe ndani yake, jambo lisilofanywa na ndege mwingine wa jamii yake ya ufukweni. Kisha huja kwetu na kinda lake. Nilimwona kinda mkubwa akimfuata mzazi huku akilia aombe kaa, ingawa amekwisha ruka bahari nzima.

Njia hiyo ndiyo ya majahazi. Yalikuja na kaskazi yakileta tende na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko kwa ajili ya dari za nyumba za Arabuni na Ghuba. Biashara hiyo ilidumu karne nyingi, hadi mwaka 1982 Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Mkoko uliokatwa kwa pupa huondoka na kaa, na kaa akiondoka, mla kaa naye hana la kufanya hapa, wala mvuvi wa kaa.

Kiingilio cha daraja la Mida kina kazi. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, fedha za wageni zimesaidia kulipa karo za sekondari kwa watoto wa familia zinazozunguka msitu na hori. Mzazi anajua: mti huu ukisimama, mtoto anasoma. Hesabu hiyo haihitaji afisa kuieleza.

Jibu kwa mzee, na ya kufanya

Nilirudi kwa yule mzee. Nikamwambia: ndege mwenyewe hakupi kitu kikubwa. Usiuze mbuzi ukanunua darubini. Lakini kinachomleta ndege ndicho kinachokulisha: matope yenye uhai, mikoko yenye kaa, msitu unaovuta mvua na kushika maji. Ndege wakipungua, ni taarifa kwamba ghala lako linavuja. Na pale majirani walipopata sehemu yao, hawakupewa zawadi. Walijipanga, wakahesabu, wakadai. Akafikiri kidogo, akasema, "Hilo ndilo ungesema siku ile."

Kwa hiyo fanya haya:

1. Zuia udongo wako. Chimba fanya juu kwenye mteremko, panda nepia ukingoni mwa tuta. Ukilima kando ya mto, acha angalau mita 6 bila kulima, kama sheria inavyotaka.

2. Weka daftari. Andika tarehe, mahali, hali ya maji, ndege uliowaona na idadi. Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa Afrika nzima. Kikundi chenye kumbukumbu zake kinasikilizwa. Ukiokota ndege mwenye pete mguuni, soma namba uipeleke makumbusho ya taifa.

3. Jua maji. Mida nenda maji yakijaa, si yakiwa yamekupwa kabisa. Uliza wavuvi siku za bamvua. Weka mbwa mbali, na watoto waache manati nyumbani.

4. Vipepeo, ingia kwa kikundi. Panda kwanza mimea ya kulisha, uliza aina gani zinanunuliwa, anza na kitalu kimoja. Usitoe zao la chakula ili kupisha kiwavi.

5. Wewe mwenye kibanda, mgeni wa ndege huamka mapema. Chai, mahamri na mbaazi viwe tayari saa kumi na mbili. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga na misitu ya hifadhi. Ukiwa na maji safi ya kujazia chupa ya mgeni, au madafu, umemshinda jirani yako.

6. Hesabu za kikundi ziwe ubaoni. Kiingilio kiasi gani, kimeingia lini, kimelipia nini. Mahali panapofichwa fedha, mti wa kwanza hukatwa na mwanachama.

Mzee amekwisha chimba mtaro wake wa kwanza, mita 30. Aliniambia nipite nikauone mvua za mwaka zikianza. Nitapita, na daftari nitalibeba.